Kunguni: dawa ya mara moja haiwamalizi
Ukipulizia dawa leo ukalala vizuri wiki nzima, usishangilie bado. Mayai ya kunguni, meupe na madogo kama milimita 1, hubandikwa kwenye nyufa kwa gundi na dawa nyingi haziyaui. Kwenye joto letu la Kampala huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10. Kwa hiyo rudia siku ya 10 au 14, kabla watoto hawajakua na kutaga.

Joto ndilo linaloua yai na mzazi wake. Chemsha shuka, foronya na chandarua cha pamba. Kitanda cha mbao kifungue chote, kitoe nje, umimine polepole maji yanayochemka kwenye viungo na matundu ya skrubu. Humo ndimo utaona vitone vyeusi kama vya wino: ni kinyesi chao. Kagua pia mshono wa godoro na mikunjo ya pazia.

Kuanika godoro juani tu hakutoshi, kwa sababu kunguni hukimbilia upande wenye kivuli.

Kama unaishi kwenye mizigo, yaani vyumba vya kupanga vilivyoshikana, ukuta mmoja na jirani, zibeni nyufa kwa saruji na mfanye kazi hiyo siku ileile, la sivyo kunguni watahama tu chumba. Na tafadhali, msipulizie dawa ya shambani wala mafuta ya taa ndani mnamolala watoto. Kufunga chumba wakose chakula nako ni bure; kunguni mkubwa huvumilia njaa kwa miezi.