Muulize babu kuhusu kipande

Ukikaa na mzee aliyekulia kambi za mkonge Tanga, usimuulize "maisha yalikuwaje?" Atakujibu "magumu, mjukuu wangu," na hapo yataishia. Muulize kipande. Ile kadi ya siku 30 ilijazwa siku moja moja, na mshahara ulingoja hadi ijae. Akianza kueleza siku iliyokataliwa kwa sababu matita ya majani ya mkonge aliyokata hayakutimia, utamsikia anavyobadilika sauti.

Kisha uliza: nani alimwandikisha, alitoka wapi, alipanda gari gani? Wengi walitoka mbali, Kigoma, Songea, Singida, wakaitwa manamba. Hawakuondoka kwa kupenda kutembea tu: kodi ya mkoloni ilidai fedha taslimu, na kwao kazi ya mshahara haikuwepo. Tangu 1944 waajiri wa mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU.

Usimsahau bibi. Nani alianika singa, zile nyuzi za mkonge, pale korona, kiwanda cha kuchakata majani, na alilipwa kwa jina lake au la mumewe? Swali hili hurukwa sana, na linaniuma.

Rekodi kwa simu, halafu andika miaka pembeni. Mwaka ambao familia ilihama kambi, au baba alikosa ada, uuweke karibu na 1967 mashamba mengi yalipotaifishwa, na miaka ile kamba za plastiki zilipoangusha bei ya mkonge. Pengine umekua ukisikia babu alikuwa mvivu. Angalia tena tarehe.