Vidole Kabla ya Penseli: Michezo ya Nyumbani kwa Mtoto wa Miaka 3 Hadi 5

Mtoto wa miaka minne akishika penseli kwa ngumi, usimwongezee daftari. Vidole vyake havijapata nguvu, na baadhi ya mifupa midogo ya kifundo cha mkono bado ni gegedu, yaani laini, haijakomaa kuwa mfupa mgumu. Anza na michezo hii, dakika 10 hadi 15 kwa siku. Akichoka, acha.

1. Unga. Changanya vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini na vijiko 2 vya mafuta. Tia maji ya uvuguvugu kidogo kidogo. Robo tatu ya kikombe mara nyingi hutosha. Ukigandia mikononi, maji yamezidi: ongeza unga kijiko kimoja kimoja. Ukimeguka-meguka, ongeza maji. Mwachie akande mwenyewe, kisha afinyange vidonge vya ukubwa wa karanga kwa ncha za vidole, si kwa kuviringisha viganjani. Kusukuma chapati kwa chupa watoto wanakupenda sana, ila hapo wanaofanya kazi ni mabega na viganja. Asiule, maana chumvi ni nyingi, na mwenye mchubuko itamwasha.

2. Vibanio vya nguo. Abane 10 kwenye ukingo wa beseni, kisha avitoe. Tazama mkono: dole gumba upande mmoja, kidole cha shahada na cha kati upande wa pili. Akikamata kwa ngumi, mpe kipande cha tishu akifumbate kwa vidole viwili vya mwisho. Vitatu vilivyobaki havina budi kufanya kazi. Vibanio vipya huwa na springi ngumu, kwa hiyo tafuta vilivyolegea.

3. Kutunga. Makaroni yenye tundu na kamba ya kiatu. Ncha ikiwa imechambuka, izungushie selotepu sentimita 3. Makaroni ya kwanza yafungie fundo, la sivyo yote yatamwagika na mchezo utaishia kwa kilio. Kama kuna mdogo wake wa chini ya miaka 3, vitu vidogo vihesabiwe kabla na baada. Haragwe likiingia puani huvimba.

4. Mkasi. Uwe wa watoto, wenye ncha butu, nawe ukae karibu. Kata boksi la biskuti vipande vyembamba vya upana wa sentimita 2, ili kila kimoja akikate kwa mbano mmoja. Karatasi laini hujikunja katikati ya makali, mtoto akadhani hawezi. Mchoree jua kwenye ukucha wa dole gumba: jua litazame juu, kiwiko kigusane na mbavu. Anayetumia kushoto apewe mkasi wa kushoto; wa kulia utamfichia mstari.

5. Krayoni. Zivunje ziwe vipande vya sentimita 2 au 3, ubandike karatasi ukutani usawa wa macho yake. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, na ukuta humlazimu kukunja kifundo kwa nyuma, mkao uleule atakaouhitaji akianza kuandika.