Kuomba intanshipu ya kiangazi kwenye kampuni kubwa za ukaguzi: tangu fomu hadi usaili

Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu, na kila msimu wa maombi hupangiwa kusaili wanafunzi. Wengi wanaokosa nafasi hawaangushwi na alama. Wanakosa kwa sababu usaili unakwisha na sisi bado hatujaona wanafanyaje pale hesabu zinapokataa kuoana. Hicho ndicho tunachokitafuta kuanzia fomu ya kwanza hadi swali la mwisho, na mwongozo huu umepangwa kukusaidia kukionyesha.

Hatua ya 1: Chagua idara kabla ya kampuni

Kampuni kubwa kabisa za ukaguzi duniani ni nne: Deloitte, PwC, EY na KPMG. Zilikuwa tano hadi mwaka 2002, Arthur Andersen ilipoanguka kufuatia kashfa ya Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyokuwa ikiikagua. Baada ya hizo nne kuna BDO, Grant Thornton, RSM na Forvis Mazars, ambako mwanafunzi naye hujifunza kazi ya kweli. Omba huko pia.

Ndani ya kila kampuni kuna ukaguzi, kodi na ushauri, na karibu kila fomu itakutaka uchague. Usijibu "popote nitafaa." Mwaka huohuo wa 2002 Marekani ilipitisha sheria ya Sarbanes-Oxley, ambayo pamoja na mengine inamzuia mkaguzi kumuuzia mteja anayemkagua huduma nyingi za ushauri, kwa sababu mtu hawezi kukagua kazi aliyoifanya mwenyewe. Ukiielewa sababu hiyo utaeleza kwa nini umechagua upande mmoja, na maelezo yako yatakuwa na uzito kuliko "napenda namba."

Hatua ya 2: Omba mapema, mapema kweli

Maombi ya kiangazi (kile cha nchi za kaskazini, Juni hadi Agosti) kwa kawaida hufunguliwa kabla ya kiangazi kwa miezi mingi, mara nyingi kuanzia Agosti hadi Oktoba ya mwaka uliotangulia. Marekani kampuni nyingi huanza hata mapema zaidi. Halafu kampuni nyingi hujaza nafasi kadiri maombi yanavyoingia, hazingoji tarehe ya mwisho. Anayetuma siku ya mwisho anaweza kukuta ofisi aliyoitaka imeshajaa, hata kama sifa anazo. Soma pia masharti ya mwaka wa masomo, maana programu nyingi ni za wanaobakiza mwaka mmoja kuhitimu, na kuna nyingine fupi za siku chache kwa wa mwaka wa kwanza.

Hatua ya 3: Wasifu wa ukurasa mmoja, wenye vitendo

Huu hapa mstari ninaoukuta mara kwa mara:

"Mweka hazina wa chama cha wanafunzi. Nilisimamia fedha kwa uadilifu na ushirikiano mzuri."

Na huu ndio unaonifanya nimwite mtu kwenye usaili:

"Mweka hazina wa chama cha wanafunzi. Kila mwezi nililinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Nilikuta risiti zilizoingizwa mara mbili, nikaripoti kwa kamati, nikaweka utaratibu wa watu wawili kusaini kila malipo."

Cheo ni kilekile. Wa pili amefanya usuluhishi wa benki, amegundua kosa, ameripoti na ameweka udhibiti wa ndani, yaani kazi yetu yenyewe kwa udogo. Pitia kila mstari wa wasifu wako ujiulize ulifanya nini hasa, na baada yake kitu gani kilibadilika. Kama ulikuwa unauza dukani kwa mtu na kufunga hesabu jioni, andika. Wanafunzi wengi huficha kazi kama hizo wakidhani ni za chini, na huwa naumia nikizisikia kwa bahati usaili ukiwa unaisha.

Barua ya maombi, ikiombwa, iwe fupi. Hakikisha jina la kampuni ni sahihi kila mahali.

Hatua ya 4: Majaribio ya mtandaoni

Ya hesabu ni asilimia, uwiano na kusoma majedwali kwa haraka. Fanya mazoezi ukiwa na saa mbele yako, basi.

Ya maamuzi kazini ndiyo yanayowachanganya watu. Unapewa hali, mfano umeona tarakimu isiyoeleweka na msimamizi wako ana haraka ya kumaliza, kisha unachagua utafanya nini. Jibu zuri kwa kawaida ni lile linalothibitisha ukweli kwanza na kumjulisha msimamizi mapema. Kunyamaza ni kosa, na kumrukia msimamizi kwenda moja kwa moja kwa mteja pia ni kosa.

Hatua ya 5: Video ya kujirekodi

Swali linatokea kwenye kioo, unapata muda mfupi wa kufikiri, kisha unajibu kwa dakika moja au mbili bila mtu mbele yako. Tazama kamera, usisome karatasi. Macho yanayotembea kushoto kwenda kulia yanaonekana wazi, na jibu lililokaririwa huzima hata mtu mwenye kipaji.

Hatua ya 6: Usaili wenyewe

Kwa kawaida utakutana na meneja, na mara nyingi na mbia, yaani mmoja wa wamiliki wa kampuni. Sehemu kubwa ni maswali ya "nieleze wakati ambapo…" Andaa visa vitano au sita vya kweli: ulipokosea, ulipotofautiana na mwenzako, ulipobanwa na muda, ulipojifunza kitu kigumu peke yako, ulipoona jambo lisilo sawa. Kila kisa kiwe na hali fupi, wajibu wako, ulichofanya na matokeo. Ulichofanya ndicho kichukue muda mrefu. Wengi hutumia dakika mbili kueleza hali, kisha wanasema "tukalitatua." Nani? Kwa njia gani? Sema "mimi" pale ulipofanya wewe, na "sisi" pale mlipofanya wote. Nitakuuliza maswali ya ziada hadi nifike chini, kwa hiyo kisa cha kubuni hakifiki mbali.

Upande wa taaluma hatutarajii makubwa, lakini misingi iwe imara. Swali linalopendwa ni hili: uchakavu (thamani ya mali inayopungua kadiri inavyotumika) ukiongezeka kwa 10 na kodi ni asilimia 30, taarifa tatu za fedha zinabadilikaje?

Anza na faida na hasara. Faida kabla ya kodi inashuka 10, kodi inashuka 3, faida halisi inashuka 7. Nenda kwenye mtiririko wa fedha: unaanza na pungufu ya 7, unarudisha 10 kwa sababu uchakavu hautoi fedha mfukoni, fedha zinaongezeka 3. Malizia na mizania, taarifa ya mali, madeni na mtaji: fedha zimepanda 3, mali za kudumu zimeshuka 10, jumla ya mali imeshuka 7, upande wa pili faida iliyolimbikizwa imeshuka 7. Zimeoana. Mwanafunzi anayeongeza kwamba "hapa nimechukulia mamlaka ya kodi inakubali uchakavu huo na kodi inalipwa mwaka huohuo" ananifanya niweke kalamu chini nimsikilize.

Kwa ukaguzi, elewa tofauti kati ya kuthibitisha kuwa kitu kipo na kuthibitisha kuwa hakuna kilichoachwa. Ukichukua bidhaa kwenye orodha ya kampuni na kwenda stoo kuiona kwa macho, unathibitisha kuwa ipo. Ukianzia stoo, ukaichukua bidhaa rafuni na kuitafuta kwenye orodha, unathibitisha kuwa orodha imekamilika. Ni mwelekeo tu uliogeuka, lakini kosa unaloweza kulinasa ni jingine kabisa. Jaribu kueleza kwa sauti kabla ya siku yenyewe.

Usipojua jibu, sema hujui, kisha fikiri mbele yetu: "Sijakutana nalo, ila ningeanza kwa kuomba ankara na mkataba, niangalie tarehe." Jibu hilo nalithamini kuliko kubahatisha kwa kujiamini, maana kwenye kazi yetu anayebahatisha anaingiza kosa kwenye faili ambalo wengine watalitegemea.

Ikiwa kuna zoezi la kikundi, atakayeonekana si yule anayezungumza kuliko wote. Tunamwangalia anayemwuliza aliyenyamaza na anayekumbuka muda.

Hatua ya 7: Maswali yako kwetu

Usiulize kilichoandikwa kwenye tovuti. Uliza mwanafunzi wa kiangazi atapewa sehemu gani ya faili, nani atapitia kazi yake, na msimu wa pilika ukoje. Kwa kampuni nyingi zinazofunga mwaka wa hesabu Desemba, pilika huja kuanzia Januari, kwa hiyo kiangazi hakitakuonyesha ukali wote wa kazi, na ni haki yako kuujua.

Hatua ya 8: Ukipata

Soma ofa yote, na uulize tarehe ya mwisho ya kujibu. Ukiikubali, waarifu wengine upesi; wanaokusaili leo utakutana nao tena kwenye taaluma hii. Kisha itakuja fomu ya uhuru wa mkaguzi, itakayokuuliza kuhusu hisa na maslahi mengine ya kifedha uliyonayo, na mara nyingi ya mwenzi wako pia. Ijaze kwa ukamilifu, hata kama hisa zenyewe ni chache na ulinunuliwa kama zawadi. Ukiwa na hisa za mteja wa kampuni huenda ukatakiwa kuziuza kabla ya kuanza, na hilo huchukua siku kadhaa, kwa hiyo litaje mara tu fomu inapofika.