Mwingereza akihamia mtaani Dar: aanzie wapi

Kabla hujafungua mabegi, nenda ofisi ya serikali ya mtaa na nakala za pasipoti, kibali cha ukaazi na mkataba wa pango. Jitambulishe kwa mtendaji, kisha uliza mjumbe wako anakaa nyumba gani. Wengi huruka hatua hii, halafu wanakwama siku wakihitaji barua ya utambulisho: nani amdhamini mtu asiyemjua?

LUKU: chukua namba ya mita kwa mwenye nyumba, ununue kwanza umeme wa shilingi 5,000 tu. Kodi ya jengo hukatwa humo humo, na malimbikizo yakiwepo yatameza pesa yako. Tokeni ni tarakimu 20; ukikosea moja, mita inakataa.

Jirani akifiwa, nenda. Msiba hauna kadi. Toa rambirambi kwa mwenye daftari, jina liandikwe, kisha keti turubaini na wenzako, hata nusu saa. (Harusi ni kinyume: mchango hutangulia, kadi hufuata.)

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi. Toka na fyekeo. Na aliyekuzidi umri mpe “shikamoo”. “Mambo” iache kijiweni kwa bodaboda.