Kuunda na Kuendesha Kamati za Wanaojitolea katika Tawi la Shirika la Haki za Binadamu: Mwongozo kwa Matawi ya Lubumbashi

Matawi mengi ya mashirika ya haki za binadamu katika komini zetu, iwe Katuba, Kenya, Ruashi au Kampemba, humtegemea mtu mmoja au wawili tu: mwenyekiti ambaye namba yake ya simu iko kwa kila mtu, na katibu anayemsaidia anapopata nafasi. Mwenyekiti akisafiri kwenda Likasi kwa msiba, mama ambaye mwanawe amekamatwa usiku hana wa kumwendea. Kamati huundwa kwa ajili ya mama huyo, na tawi likiziunda ili kuwagawia wanachama vyeo au kupendezesha ripoti ya mfadhili, zitabaki kuwa majina kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Mwongozo huu unaeleza hatua za kuziunda na kuziendesha. Nitakaa zaidi kwenye kamati ya malalamiko, kwa kuwa ndiyo inayokutana na watu katika saa zao ngumu kabisa.

Anzeni na maandishi

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inatambua uhuru wa kuunda vyama katika ibara yake ya 37, na mashirika yasiyotafuta faida yanaongozwa na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Kabla ya kuchagua kamati yoyote, hakikisheni kwamba tawi lina nakala za hati za shirika, yaani hati ya usajili, katiba ya shirika na kanuni za ndani, kwani afisa wa kwanza mtakayemwendea ataziulizia. Kisha mkutano mkuu wa tawi upitishe, kwa kila kamati, hati fupi ya ukurasa mmoja inayotaja mambo manne: kazi ya kamati, mipaka ya kazi hiyo, mtu inayempa ripoti, na tarehe ambapo muda wa wajumbe unakwisha. Mipaka ndiyo huachwa mara nyingi, na ndiko ugomvi hutokea baadaye, pale kamati mbili zinapoandika barua mbili tofauti kwa burgumesta mmoja, yaani mkuu wa komini, kuhusu jambo lile lile.

Umuhimu wa maandishi unaonekana vizuri katika historia ya Marekani. Shirika la NAACP, la kutetea haki za Wamarekani weusi, lililoanzishwa mwaka 1909, lilijengwa juu ya matawi ya miji yaliyoendeshwa na watu waliokuwa na kazi zao nyingine za kutwa. Rosa Parks, ambaye dunia inamkumbuka kwa kukataa kumpisha abiria mzungu kiti ndani ya basi la Montgomery tarehe 1 Desemba 1955, aliishi kwa ushonaji, na tangu mwaka 1943 alikuwa katibu wa tawi la mji huo. Mwaka 1944 tawi lilimtuma mji wa Abbeville, katika jimbo lile lile la Alabama, kuchukua ushuhuda wa Recy Taylor, mwanamke mweusi aliyebakwa na kundi la wanaume wazungu. Mahakama hazikumtendea haki, lakini habari yake ilikuwa imeandikwa na kusambazwa, na mwaka 2011 bunge la Alabama lilimwomba radhi akiwa angali hai. Anayetaka kujua katibu wa tawi ni nani hasa, na kwa nini nafasi hiyo isipewe mtu kwa kuwa tu ana mwandiko mzuri, atafakari miaka hiyo ya kazi isiyoonekana kabla ya siku ile ya basi.

Kamati tatu zatosha

Tawi changa lisiunde kamati nane. Zatosha tatu: kamati ya malalamiko, kamati ya elimu ya haki, na kamati ya wanachama na fedha. Nyingine zitazaliwa kazi ikiongezeka na watu wakipatikana. Kila kamati iwe na wajumbe watano hadi saba, ili wawili wakiugua na mmoja akisafiri kazi iendelee.

Mara nyingi hupendekezwa iundwe kamati ya wanawake. Sina kipingamizi, mradi isiwe mahali pa kuwawekea mama zetu huku maamuzi yakifanyika chumba kingine. Ibara ya 14 ya Katiba inadai wanawake wawakilishwe kwa haki katika taasisi za taifa, za mikoa na za mitaa, na shirika linaloidai serikali jambo hilo haliwezi kulikosa nyumbani kwake. Wanawake wawemo katika kila kamati, na katika kamati ya malalamiko wawemo angalau wawili walioandaliwa kumsikiliza mwanamke au mtoto aliyetendewa ukatili.

Mnapotafuta wanaojitolea, msitazame vyeti kwanza. Mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi atafaa, lakini pia atafaa mama muuza unga anayejulikana soko zima, mwendesha pikipiki anayezifahamu avenyu zote, na mwalimu mstaafu mwenye subira ya kusoma faili. Ulizeni mambo matatu: ana saa ngapi kwa juma, anaweza kutunza siri, na je, ana cheo katika chama cha siasa? Mwenye cheo cha chama anaweza kuwa mwanachama mzuri wa tawi, lakini asiwekwe kwenye kamati ya malalamiko, kwa sababu siku atakayokamatwa kijana wa chama pinzani hakuna atakayeamini kwamba faili lilishughulikiwa kwa haki. Kila mteule atie sahihi ahadi ya kazi na ahadi ya kutunza siri, kisha afanye miezi mitatu ya majaribio akiongozana na mwenye uzoefu.

Kujitolea maana yake ni kufanya kazi bila mshahara. Haimaanishi kutoa pesa mfukoni kila siku. Nauli ya kwenda parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, na pesa ya simu zirudishwe na tawi, hata kama ni kidogo. Mahali ambapo hazirudishwi, wanaobaki ni wale wenye uwezo tu, au wale wanaojilipa kwa kuwaomba walalamikaji.

Kamati ya malalamiko

Kitendea kazi cha kwanza ni daftari lenye kurasa zilizopewa namba, lisilochanwa ukurasa. Kila lalamiko lipewe namba yake, tarehe na saa ya kupokelewa, majina ya waliolipokea, na hatua iliyokubaliwa. Maelezo marefu yaandikwe kwenye faili la pembeni lenye namba ile ile, na faili lifungiwe sandukuni kwa kufuli ambalo funguo zake ziko kwa watu wawili. Picha za majeruhi, majina ya walalamikaji na karatasi za hospitali zisipelekwe kwenye kikundi cha WhatsApp cha tawi. Humo itajwe namba ya faili peke yake. Ujumbe ukishatumwa hauna mlinzi.

Mlalamikaji asikilizwe na wajumbe wawili, mmoja akiuliza na mwingine akiandika. Aachwe aseme kwa lugha inayomtoka kwa urahisi, iwe Kiswahili, Kibemba au Kiluba, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, pasipo kupambwa. Tofautisheni alichokiona mwenyewe na alichokisikia kwa jirani. Mwishoni asomewe yote, arekebishe, kisha aulizwe waziwazi: unataka tufanye nini, na ni nani turuhusiwe kumwambia? Asipokubali jambo lisogee mbele, faili libaki palepale hata kama tawi linaona kesi hiyo ingelipatia jina.

Lalamiko la kukamatwa lina haraka kuliko mengi. Ibara ya 18 ya Katiba inasema kwamba aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa. Kwamba ana haki ya kuwasiliana na familia yake au wakili wake. Na kwamba kuzuiliwa kwake na polisi kusizidi saa 48, ambazo zikiisha ni lazima aachiliwe au afikishwe mbele ya mamlaka ya sheria inayohusika. Kwa hiyo saa kamili ya kukamatwa ndiyo ya kwanza kuandikwa. Wajumbe wawili waende kwenye kasho, yaani mahabusu ya polisi, wakiwa na vitambulisho, wamsalimu kwa heshima afisa wa upelelezi, yule tunayemwita OPJ, waulize kosa linalodaiwa na kama jina la ndugu huyo limeandikwa katika daftari la waliozuiliwa. Wasibishane, wasitishe mtu, na hasa wasizungumzie bei. Ikiwa kuna malipo ya kisheria, familia idai risiti. Malipo yasiyo na risiti yaandikwe kwenye faili pamoja na kiasi na saa. Saa 48 zikipita, barua ipelekwe parke siku hiyo hiyo, na nakala yake irudi na muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri huo ni vigumu kuithibitisha baadaye.

Faili lisifungwe mtu akishahamishiwa parke. Jaji akiamuru azuiliwe kabla ya hukumu, amri ya kwanza ni ya siku 15, na baada ya hapo huongezwa mwezi kwa mwezi. Katibu wa kamati aandike tarehe hizo kwenye kalenda na kumkumbusha wakili kabla hazijafika, kwa maana mtu asiye na ndugu wa kumhesabia siku husahaulika kwa urahisi huko gereza la Kasapa. Familia isiyoweza kulipa wakili ielekezwe kwenye ofisi ya ushauri wa bure ya baro, yaani chama cha mawakili, na mjumbe aifuate hadi mlangoni badala ya kuipa anwani tu.

Ukatili wa kingono una utaratibu wake. Kabla ya kuandika chochote, aliyetendewa apelekwe hospitali, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hufaa zikianza ndani ya saa 72, na ushahidi wa mwili hupotea haraka. Maswali yawe machache, ili asilazimike kusimulia mambo yale yale mbele ya kila mtu. Kamati isikubali kamwe kukalisha familia mbili ili zipatane kwa mbuzi au kwa ndoa. Nalisema hili kwa uzito wote, kwa kuwa shinikizo la kupatanisha hutoka kwa watu tunaowaheshimu, wazee na wachungaji wakiwemo, na mjumbe asiyeandaliwa hulegea.

Ziko pia kesi ambazo si za kamati kuzitatua. Mgogoro wa mshahara uende kwa mkaguzi wa kazi. Mgogoro wa kiwanja uende kwa mwanasheria, huku familia inayofukuzwa ikikumbushwa kwamba ibara ya 34 inadai fidia ya haki inayotangulia pale serikali inapochukua mali kwa manufaa ya umma. Malalamiko mazito yanaweza pia kupelekwa kwenye Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, CNDH, iliyoundwa kwa sheria ya tarehe 21 Machi 2013. Kamati yenyewe si mahakama wala polisi: haimwiti mshtakiwa kwa karatasi yenye muhuri, haitozi faini, haitozi ada ya kufungua faili. Mjumbe anayefanya hivyo asimamishwe siku hiyo, na sheria ya tarehe 15 Juni 2023 kuhusu ulinzi wa watetezi wa haki za binadamu isomwe na wajumbe wote, maana inazungumzia wajibu wao pamoja na ulinzi wao.

Kamati nyingine mbili

Kamati ya elimu ya haki hufanikiwa ikifundisha jambo moja kwa kikao kimoja, mahali ambapo watu wamekwisha kukusanyika: baada ya misa, sokoni kabla ya biashara kuchangamka, au baada ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa. Mwanzoni mwa mwaka wa shule somo ni ibara ya 43, inayofanya elimu ya msingi katika shule za umma kuwa ya lazima na ya bure, jambo lililoanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019. Wakati wa maandamano somo ni ibara ya 26: waandaaji wanatakiwa kuiarifu mamlaka kwa maandishi, na barua hiyo nayo idaiwe muhuri wa kupokelewa. Wafundishaji wabebe maandishi ya sheria yenyewe, wayasome, ndipo waeleze.

Kamati ya wanachama na fedha iwe na namba ya pesa ya simu ya tawi, isiyo ya mtu binafsi, na kila matumizi yapitishwe kwa sahihi mbili. Michango ya wagombea wakati wa uchaguzi irudishwe kwa barua ya shukrani.

Vikao na makabidhiano

Kila kamati ikutane mara moja kwa majuma mawili, mchana, kwani umeme hukatika na usafiri wa kurudi Ruashi au Katuba baada ya giza ni taabu. Kikao kianze kwa kusoma maamuzi yaliyopita, na kila uamuzi mpya uwe na jina la mtu mmoja na tarehe. Kuandika kwamba “kamati itafuatilia” ni kuandika kwamba hakuna atakayefuatilia. Mwenyekiti wa tawi ahudhurie mara chache, asikilize, na asiyachukue mafaili kwenda nayo nyumbani.

Wanaosikiliza mateso ya watu juma baada ya juma huchoka, nao huanza kuwajibu walalamikaji kwa ukali. Mjumbe akifikia hapo apumzishwe kwa miezi miwili katika kamati ya elimu, bila aibu.

Muda wa wajumbe ukiisha, makabidhiano yafanyike mbele ya mashahidi wawili. Daftari lisomwe namba kwa namba: mafaili yaliyofungwa yatengwe, yaliyo wazi yatajwe pamoja na tarehe inayofuata ya mahakama na jina la wakili. Kila mlalamikaji mwenye faili wazi ajulishwe, kwa simu au kwa kutembelewa, jina la mjumbe mpya atakayemshughulikia, na ridhaa yake iombwe upya. Funguo zikabidhiwe, kufuli ibadilishwe, na pande zote mbili zitie sahihi chini ya ukurasa wa mwisho ulioandikwa.