Propela oto au manyuali kwenye Spitfire na Bf 109: jinsi ya kuizoea bila kuua injini

Wakuu, wengi wakiingia DCS au IL-2 (magemu ya kompyuta ya kurusha ndege za kivita, zikiwemo za Vita vya Pili vya Dunia kama Spitfire na Bf 109) wanachukulia leva ya propela inafanya kazi moja kwenye kila ndege, na injini nyingi zinafia hapo hapo. Twende taratibu.

Hatua ya 1: jua ndege yako iko kundi gani. Spitfire IX na P-51D zina govana, yaani ile leva haigeuzi mapanga (yale mabawa ya propela) moja kwa moja, wewe unaagiza RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unayotaka na govana inabadilisha pembe ya mapanga yenyewe ili RPM ibaki pale pale hata ukipanda au ukishuka. Bf 109 za baadaye na Fw 190 ndo oto kamili, unasukuma throto (leva ya nguvu ya injini) tu, RPM inafuata. Ila ukizima oto kwenye 109 mapanga yanaganda kwenye pembe yaliyokuwa nayo mpaka uyasogeze mwenyewe, na hiyo ndo manyuali ya kweli.

Hatua ya 2: seti vitufe. Leva ya propela ya Spitfire ipe eksisi nzima, yaani kidhibiti kinachosogea taratibu badala ya kitufe (slaida yoyote kwenye jostiki inatosha). 109 inataka vitufe vitatu, cha kuongeza pembe, cha kupunguza, na cha kuwasha/kuzima oto, na hicho cha mwisho kiweke mbali na vidole, usije ukakigusa katikati ya vita.

Hatua ya 3: anza na Spitfire. Kumbuka RPM 3000 ya kupigana (dakika 5 tu), 2850 ya kupanda, 2650 ya kuruka mfululizo. Ukitaka nguvu zaidi tanguliza RPM halafu throto, ukipunguza anza na throto ndo ushushe RPM. Usibadilishe mpangilio huo kabisa, maana busti (presha ya hewa inayosukumwa ndani ya injini) kubwa kwenye RPM ndogo inaitesa injini vibaya sana.

Hatua ya 4: sasa 109, na hapa usiwe na haraka. Panda mpaka mita 3000, nyoosha ndege, acha oto itulie kwenye 2300 hivi, kisha izime. Angalia ile geji ya mapanga inayofanana na saa ya ukutani, saa 12 juu kabisa ndo pembe ndogo, sawa na gia namba moja kwenye gari, na mshale ukirudi nyuma kuelekea 11 na 10 pembe inakuwa kubwa. Usiguse kitu, inua pua kidogo, utasikia sauti ya injini inashuka na RPM inapungua. Sasa shusha pua, sauti inapanda na RPM inakimbia kadiri spidi inavyoongezeka, rudia hivyo mpaka sikio lako lijue 2600 inasikikaje bila kuangalia geji.

Hatua ya 5: kushuka kwa kasi. Kwenye manyuali ongeza pembe KABLA hujashusha pua, ukisubiri RPM ipite 2800 umeshachelewa, kwa sababu mapanga yanageuzwa na mota ya umeme na haina haraka hata kidogo. Marubani wengi wa Bf 109 E mwaka 1940 walikuwa wanafanya hivi kwa kidole gumba huku wanapigana, nawaheshimu sana kwa hilo.

Sasa manyuali ya nini kama oto ipo? Kwenye vita mimi nasema acha oto, macho yako yawe nje kwa adui. Manyuali inakuokoa mfumo wa oto ukipigwa risasi, au injini ikizima kabisa, hapo unaongeza pembe mpaka mwisho, mapanga yanaacha kukamata upepo mwingi na ndege inateleza mbali zaidi.

Hatua ya 6: kama injini bado inawaka, kabla ya kutua rudisha oto, ikiwa imeharibika peleka mshale saa 12 ukishapunguza spidi, ili ukilazimika kughairi na kupaa tena nguvu iwepo.