Kabla hujalipia wilo alaimenti, pima springi za nyuma

Gari lenye umri likianza kula matairi ya nyuma upande wa ndani, au wanaokuja mbele yako usiku wakikuwashia fulu kwa sababu taa zako zinamulika juu, usikimbilie mashine ya alaimenti, ile ya kupima na kurekebisha mwelekeo wa magurudumu. Anzia nyuma, huenda springi zimechoka na mkia umelala.

Weka upepo sawasawa. Shusha kila kilichomo kwenye buti, hata lile gunia la mahindi kutoka Kibaigwa. Egesha palipo tambarare, bonyeza buti mara tatu nne gari lijikalie, kisha pima kwa tepu kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, kulia na kushoto. Tofauti ikizidi sentimita 1, ingia uvunguni na tochi. Koili, yaani springi ya kuzunguka, hupenda kukatikia mzunguko wa chini kabisa, pale inapokalia bakuli lake, na vumbi letu hufunika mkato huo: osha kwanza. Shokapu za kawaida hazibebi uzito, hivyo mpya hazitainua gari lililolala. Pikapu yenye springi za majani, kagua senta bolti, ile inayobana majani pamoja na kuishikilia ekseli mahali pake. Ikikatika ekseli husogea, gari likaenda kiubavu.

Springi badilisha zote mbili.

Sasa simamia hili mwenyewe. Fundi akishapandisha gari, magurudumu yananing'inia, hufunga springi mpya na kukaza bolti za mikono ya nyuma (vyuma vinavyounganisha magurudumu na bodi) hukohuko juu, maana ndiko spana inakozunguka vizuri. Mpira wa bushi, ulio kwenye maungio ya mkono, umegandana na bomba lake la ndani. Ukikazwa mkono ukiwa umeshuka, gari likitua mpira unasokoteka na kubaki hivyo. Gari linasimama juu kuliko kimo chake, mwenyewe anafurahi, anapitiliza alaimenti, vipimo vinatoka safi. Safari kadhaa za Kondoa, mpira unachanika, gari linashuka, vipimo vinahama, matairi yanaliwa upya. Analipia bushi, analipia alaimenti mara ya pili. Bolti zishikizwe tu. Gari likanyage chini, lisukumwe mbele na nyuma, ndipo zikazwe likiwa juu ya matairi yake, kwenye shimo.

Tairodi na boljointi (maungio ya usukani na ya magurudumu ya mbele) zinazocheza zibadilishwe kabla ya kupima alaimenti. Dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada, magurudumu ya nyuma yakiwemo. Ekseli nzima ya nyuma, ile moja inayounganisha magurudumu yote mawili, mara nyingi haina pa kurekebisha. Ikisoma vibaya, kuna kilichopinda au kusogea.

Na usiingie uvunguni gari likishikwa na jeki pekee. Weka stendi, weka mawe magurudumu ya mbele, hata kama ni kuchungulia tu.